Mkono wa Mlango Umekuachia? Cheki Venye Utaubadilisha Mwenyewe Bila Kuita Fundi

Hebu fikiria hii picha. Ni Jumamosi asubuhi, uko bafuni kwa keja yako, simu umeiacha kwa chaja kule chumbani, na maharagwe yako juu ya gesi. Umemaliza kuoga, unashika mkono wa mlango utoke, unavuta, na mkono wote unabaki kwa kiganja chako. Upande wa pili unasikia kitu kikianguka sakafuni, kang'!

Unabaki umesimama hapo na taulo, unaangalia tundu.

Manze, hiyo ilikuwa mimi. Nilisukuma mlango, ukakataa. Nikajaribu kuzungusha tundu na mpini wa mswaki, ukavunjika. Baada ya muda nikaanza kunusa maharagwe yakishika chini ya sufuria, na hapo ndipo jasho lilitoka kabisa. Nikapanda juu ya ndoo, nikapiga nduru kupitia kile kidirisha kidogo cha bafu.

Kilichoniokoa ni kwamba mlango wa nje sikuwa nimeufunga na ufunguo. Mathe wa mlango wa pili aliingia, akazima gesi kwanza, halafu akaokota mkono uliokuwa umeanguka, akatumbukiza kile chuma chake kwa tundu, akazungusha. Haikufika hata sekunde kumi. Akaniangalia, akasema, "Kijana wangu, huu mlango umekuonya wiki ngapi?"

Alikuwa sahihi. Ule mkono ulikuwa unalegea kitambo, na mimi kila siku nilikuwa naurudisha na kidole nikisema nitaucheki wikendi. Nilipomwita fundi akanidai thao moja na jirongo ya kazi tu, bila mkono wenyewe. Hapo ndipo niliamua kujifunza. Na nikuambie ukweli buda, kama unaweza kubadilisha betri ya rimoti, hii nayo hutashindwa. Ukiwa na bisibisi na subira, nusu saa inatosha.

Jua kwanza unashika nini

Wasee wengi hufikiri mkono na kitasa ni kitu kimoja. La. Ni vitu viwili, na ukichanganya utanunua kitu hauhitaji.

Mkono ni ile sehemu unashika. Kwa kawaida iko miwili, mmoja ndani na mmoja nje, na kila mmoja umekaa juu ya bamba la chuma lililofungwa kwa mlango na skrubu. Mikono hiyo miwili imeunganishwa na kichuma kirefu chenye pembe nne, kinachopita katikati ya mlango. Tukiite kipini cha mraba. Hicho ndicho kilianguka upande wa pili siku yangu ya bafuni.

Kitasa chenyewe kimejificha ndani ya mbao. Ukifungua mlango na kuangalia ubavu wake, utaona kibati chembamba chenye skrubu mbili, moja juu na moja chini. Hapo kunatoka ndimi mbili. Ule uliokatwa mshazari ni ulimi wa springi, unaoingia ndani ukishusha mkono na kurudi ukiuachilia. Ule wa mraba ndio unatoka ukizungusha ufunguo.

Kazi yote ni hii: unashusha mkono, mkono unazungusha kipini, kipini kinazungusha tundu la mraba ndani ya kitasa, na hilo tundu linavuta ulimi wa springi. Ukishaelewa huo mnyororo, unaweza kujua ni wapi mambo yameharibika bila kuuliza mtu.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Usikimbie hadwea kabla hujacheki. Fungua mlango wazi, ushushe mkono mara kadhaa huku ukiangalia ulimi.

Kama bamba linacheza cheza lakini ulimi unaingia na kutoka poa, shida ni skrubu zimelegea. Hapo huhitaji mkono mpya. Kaza tu.

Kama skrubu inazunguka bila kushika, tundu kwa mbao limepanuka. Chukua njiti za kiberiti ambazo umetoa kichwa, zipake gundi ya mbao, uzijaze kwa tundu, ukate zilizobaki nje. Ikikauka, rudisha skrubu. Itashika kama mpya. Hii mbinu ni ya babu zetu na bado inafanya kazi.

Kama unashusha mkono na ulimi hausongi, au unasonga nusu, shida inaweza kuwa kipini kimelika pembe, ama kimesonga upande mmoja, ama tundu la mraba ndani ya kitasa limekufa. Toa mkono, ingiza kipini peke yake, uzungushe na koleo. Ulimi ukiingia vizuri, mkono ndio mgonjwa. Ukikataa, kitasa ndicho mgonjwa.

Kama mkono umelala chini kama mtu amechoka na maisha lakini mlango bado unafunguka, springi imeisha nguvu. Mikono mingine ina springi yake, mingine inategemea ile ya kitasa. Jaribu na ile mbinu ya koleo: ukiachilia, ulimi unaruka nje kwa nguvu ama unajikokota? Ukijikokota, kitasa kinataka kubadilishwa.

Na kama kila kitu kwa mlango kiko fiti lakini haujifungi, angalia fremu. Kuna kibati kina shimo ambalo ulimi unaingia. Mara nyingi mlango umeshuka kwa sababu bawaba zimelegea, kwa hivyo ulimi unagonga chini ya shimo. Kaza bawaba kwanza. Wasee wengi wamebadilisha vitasa bure kumbe shida ilikuwa skrubu ya bawaba.

Pima, usikisie

Hapa ndipo watu hupoteza doo. Mikono yote ikiwa dukani hufanana, lakini haiingiliani.

Chukua tepu, upime vitu vinne na uviandike kwa simu:

Kwanza, umbali kutoka katikati ya kipini hadi katikati ya tundu la ufunguo. Kwa vitasa vingi vya mtindo wa Kiingereza, vile vya leva mbili au tatu, ni milimita 57. Vile vya mtindo wa Ulaya vyenye silinda mara nyingi ni milimita 72. Ukinunua bamba la 72 na kitasa chako ni cha 57, tundu la ufunguo litaangalia mbao.

Pili, unene wa kipini. Vingi ni karibu milimita 8 kila upande. Kipini chembamba ndani ya tundu kubwa kitacheza, na baada ya miezi utarudi pale pale.

Tatu, unene wa mlango. Milango mingi ya ndani iko kati ya milimita 35 na 45. Hii ndiyo itakuambia urefu wa kipini.

Nne, urefu na upana wa bamba la zamani. Ukinunua dogo zaidi, alama ya bamba la kwanza itabaki inaonekana kwa rangi, na tundu za skrubu za kale zitabaki nje kama macho.

Kama unabadilisha kitasa pia, ongeza kipimo cha tano: kina cha kile kisanduku kinachoingia ndani ya mbao. Vya kawaida ni milimita 64 au 76. Kikubwa hakitaingia bila kuchimba mbao, na kidogo kitaacha tundu la mkono mahali pabaya.

Lakini kuna njia rahisi kuliko zote. Toa ule mkono wa zamani, utie kwa mfuko wa karatasi, uende nao dukani. Mwenye duka akiuona ataelewa haraka kuliko maelezo yako ya saa nzima.

Ukifika hadwea

Usibabaike na rangi ya kung'aa. Shika mkono, uhisi uzito. Mwepesi kama kifuniko cha soda, achana nao. Ushushe na uachilie, uone kama unarudi wenyewe. Ukipata mtu ana sumaku ndogo, iguse kwa ule unaouzwa kama shaba. Shaba haivutwi na sumaku. Ikishika, hicho ni chuma kimepakwa rangi, na kwa bafu chenye mvuke kila siku kitaanza kutoa kutu.

Hakikisha pakiti ina mikono miwili, kipini, na skrubu zake zote. Fungua hapo hapo, hesabu. Ukigundua umekosa skrubu mbili ukiwa umefika nyumbani, hiyo ni nauli ingine.

Kwa mlango wa bafu, omba ile seti ya bafu. Badala ya ufunguo ina kitufe cha kuzungusha ndani, na nje ina mfereji mdogo ambao unaweza kufunguliwa kwa sarafu au bisibisi. Kama kuna watoi kwa nyumba, hiyo ni lazima, si urembo. Mtoi wa miaka miwili anajua kufunga, hajui kufungua.

Na uliza maduka mawili au matatu bei kabla ya kutuma pesa. Mkono ule ule unaweza kuwa na bei tatu kwa barabara moja.

Vifaa vya kazi

Bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, tepu, penseli, koleo, na nyundo ndogo. Msumeno wa chuma uwe karibu ikiwa kipini ni kirefu. Kama huna, jirani yako anao. Kwa ploti hakukosi msee mwenye sanduku la vifaa.

Sasa tuingie kazi

Hatua ya kwanza: Fungua mlango na uuzuie na kiatu au kitambaa kilichokunjwa chini, usijifunge. Hii usiiruke. Mlango usio na mkono ukijifunga kwa upepo nawe uko ndani, utakuwa na stori kama yangu. Weka bisibisi mfukoni, na simu pia.

Hatua ya pili: Legeza skrubu za bamba la upande mmoja, lakini usizitoe kabisa. Nenda upande wa pili, toa zote huku umeshikilia. Rudi, umalizie. Vuta mikono, kipini kitatoka pamoja na mmoja wao. Skrubu ziweke kwa kikombe. Zikianguka chini ya kochi, kwaheri.

Kama huoni skrubu yoyote kwa bamba, angalia chini ya shingo ya mkono, kuna kiskrubu kidogo kimejificha kinachotaka kile kifunguo cha umbo la L. Vile vya duara kama mpira vina kitundu kidogo shingoni: dunga na msumari mwembamba huku ukivuta, kitatoka.

Hatua ya tatu: Safisha. Futa uchafu na rangi iliyokauka mahali bamba lilikaa. Tia grisi kidogo sana kwa ulimi wa springi. Kwa tundu la ufunguo usimwage mafuta ya kupikia, tafadhali. Yanashika vumbi na baada ya muda yanakuwa gundi. Sugua risasi ya penseli kwa meno ya ufunguo, uingize na kutoa mara kadhaa. Inateleza safi.

Hatua ya nne, kama kitasa nacho kinabadilishwa: Toa zile skrubu mbili za ubavuni. Ingiza bisibisi kwa tundu la mraba, ipite upande wa pili, kisha uvute polepole kuelekea nje ukishika pande zote mbili. Kitasa kitatoka kama droo. Kabla ya kuingiza kipya, angalia upande ulimi umekatwa. Ule mshazari lazima uangalie upande ambao mlango unaenda ukijifunga, ndio ugonge fremu na uteleze ndani. Ukiwa kinyume, mlango utagonga na kurudi. Vitasa vingi vinakubali ulimi kugeuzwa, kwa hivyo usirudishe dukani kabla hujajaribu. Kisha kiingize, kaza skrubu mbili, ujaribu ufunguo mlango ukiwa bado wazi.

Hatua ya tano: Pima kipini. Kipitishe kwa kitasa, ubandike mikono yote miwili bila skrubu. Mabamba yote mawili yanafaa kulala kabisa juu ya mbao. Yakibaki yamesimama, kipini ni kirefu, kata kidogo na msumeno. Lakini kata kidogo kidogo. Kikiwa kifupi, mkono mmoja utakuwa unazunguka hewani, na hakuna gundi ya kurudisha chuma.

Hatua ya sita: Hakikisha mikono inaelekea upande sawa. Ncha ya mkono huelekea bawaba, si ukingo wa mlango. Ukiweka kinyume utakuwa unakwaruza vidole kwa fremu kila ukitoka.

Hatua ya saba: Weka alama za skrubu na penseli, kisha utoboe kidogo na msumari mwembamba ili mbao isipasuke. Tumia skrubu zilizokuja na mkono. Ndefu zaidi zinaweza kugonga kisanduku cha kitasa na kukibana. Na kama mlango wako ni ule mwepesi wenye uwazi ndani, ambao ukiugonga unalia kama debe, kumbuka mbao ya kushika skrubu iko tu karibu na kitasa. Bamba refu sana linaweza kukosa mahali pa kushika.

Hatua ya nane: Kaza kwa mkono, kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Usikaze kama unafunga tairi ya lori. Ukizidisha, bamba linapinda na mkono unashindwa kurudi juu. Ukiona mkono umeanza kuwa mzito, legeza robo mzunguko.

Hatua ya tisa: Jaribu mara kumi mlango ukiwa wazi, pande zote mbili, na ufunguo. Ikikubali, sasa funga mlango, lakini mtu mwingine awe upande wa pili, ama wewe uwe upande wenye njia ya kutoka.

Ukikwama ndani, usivunje mlango kwanza

Tuseme haujafika kwa hii kazi bado na mkono umekuachia leo. Tulia. Kama kipini bado kiko kwa tundu, kishike na koleo, au hata na kitambaa kilichokunjwa, ukizungushe. Kama kimetoka, tafuta kitu cha chuma kinachoweza kubana kwa lile tundu la mraba: bisibisi, mkasi uliofungwa, mpini wa kijiko. Mswaki wa plastiki, mimi nimekuambia mwisho wake.

Kama kuna mtu nje, mwambie arudishe mkono wenye kipini na azungushe. Na kama kuna kitu kwa moto, mwambie azime gesi kabla ya kushughulika na wewe. Wewe unaweza kungoja dakika mbili, moto hauwezi.

Hii ndiyo sababu hii stori si ya urembo wa nyumba tu. Siku kuna moshi kwa nyumba, mlango wa chumba cha kulala wenye mkono wa kubahatisha ni mtego. Kama kuna mlango kwa keja yako ambao unafunguka tu kwa mtu anayejua "kauinua kidogo halafu uvute", mgeni wako hajui hiyo siri, na mtoi pia hajui.

Na landlodi je?

Kama umepanga, usiguse kabla ya kutuma meseji. Mwandikie keateka au mwenye nyumba, mwambie mkono umeharibika, tuma na picha. Wengine watakuambia watarekebisha wenyewe, wengine watakuambia nunua tukate kwa rent. Akikubali ya pili, ahadi hiyo iwe kwa maandishi, na risiti uiweke. Maneno ya kwenye ngazi husahaulika mwisho wa mwezi.

Kama umenunua mikono ya bei kwa pesa yako kwa sababu unapenda mambo safi, ile ya zamani usitupe. Ifunge kwa karatasi na skrubu zake. Siku ukihama unairudisha, unabeba yako, na dipoziti yako haiguswi kwa sababu ya mlango.

Na mlango wa nje wa nyumba tusiuchanganye na hii stori. Huo ni wa usalama, kitasa chake kinafaa kuwa cha nguvu zaidi, leva tano kwenda juu, na kama mbao inahitaji kuchimbwa na huna mazoea ya patasi, hapo mlipe fundi bila kunung'unika. Kujua kazi yako ni pamoja na kujua ambayo si yako.

Leo jioni ukifika keja, fanya kitu kimoja tu. Zunguka milango yote, shika kila mkono, utikise. Ule unaocheza ndio huo unakuonya. Mimi nilionywa wiki kadhaa nikajifanya sisikii, na mpaka wa leo ile sufuria ya maharagwe ina alama nyeusi chini ambayo steelwool imeshindwa kutoa. Mathe wa mlango wa pili akiiona huwa anacheka tu. Lakini wiki iliyopita mlango wake wa chumba ulianza kulegea, na unajua aliita nani? Nilienda na bisibisi yangu. Nililipwa chapati tatu.